Ukiiegesha pikipiki miezi mitatu, kinachoiharibu ni nini?

Niliondoka Mwanza mwezi wa tatu, masika yakianza kushika kasi, nikarudi mwezi wa saba vumbi la kiangazi limetanda Buhongwa nzima. Pikipiki yangu ya cc 125 nilikuwa nimeiacha kwa dada yangu, sebuleni nyuma ya makochi. Kabla ya kuondoka niliiosha ikang'aa, nikaifunika turubai la nailoni na kulifunga kamba kwa chini ili vumbi lisipenye, kisha nikamwomba shemeji awe anaiwasha dakika tano kila Jumapili. Tangi lilikuwa nusu. Nikaondoka roho imetulia.

Niliporudi nilipiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi, haikuitika hata mara moja. Shemeji akaniambia aliiwasha Jumapili sita, ya saba ikagoma, akaona asiisumbue. Tukaisukuma hadi kwa fundi. Yule mzee alifungua skrubu za bakuli la kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, akalishusha taratibu na kulielekeza kwenye jua. Chini kulikuwa na utando wa rangi ya chai iliyochemka kupita kiasi, unanata kama ulimbo wa kutegea ndege. Kisha akachomoa jeti ndogo, ile inayolisha injini inaponguruma taratibu, akaiinua usawa wa jicho. Tundu lake halikupitisha mwanga kabisa.

"Mwanangu, hii umeiacha muda gani?"

"Miezi minne, fundi."

"Na uliifunika turubai?"

"Ndiyo fundi, nikalifunga kabisa."

Akanyamaza. Akawasha tochi ya simu na kumulika ndani ya tangi. Juu ya mstari wa petroli, kwenye mabega ya tangi, kutu ilikuwa imesambaa rangi ya pilipili ya kusaga.

Siku ile nilielewa kwamba karibu kila nilichofanya kwa nia ya kuitunza ndicho kilichoiumiza: kuiosha na kuifunika ikiwa mbichi, turubai lisilopumua, tangi la nusu, na hizo dakika tano za Jumapili. Tangu hapo nimeegesha pikipiki kwa muda mrefu mara nyingine, kwa utaratibu tofauti, na imewaka. Hapa naeleza kinachotokea ndani ya chombo kikisimama, maana ukishakielewa hicho huhitaji kukariri orodha ya mtu.

Maelekezo mengi ya kuhifadhi pikipiki yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Kanada, Ujerumani au kaskazini mwa Marekani, watu wengi huegesha pikipiki kuanzia Novemba hivi hadi Machi, kwa sababu barabara zina barafu, na barafu hiyo huyeyushwa kwa kumwagiwa chumvi inayotafuna chuma. Mtu wa Mwanza akisoma hayo anaona hayamhusu. Barafu hatuna, na ziwa letu ni la maji baridi, hata upepo wake hauleti chumvi kama ule wa Dar es Salaam au Tanga. Lakini petroli inachacha kule na inachacha hapa. Betri inajimaliza kule, hapa inajimaliza haraka zaidi. Kila ushauri uusome kwa kujiuliza unazuia nini. Kama kitu hicho kipo kwetu, ufuate, kama hakipo, uache.

Na majira ya kuegesha tunayo. Mvua za vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei, na ule udongo mweusi wa mbuga wa Magu, Misungwi na Kwimba ukilowa hujaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Wapo wanaoiweka pikipiki ndani mpaka njia ikauke. Wapo walimu wanaokwenda masomoni, wagonjwa, wanaovuka kwenda visiwani kwa msimu mzima, na wenye ndugu nje ya nchi waliowaachia chombo. Miezi miwili inatosha kuiharibu pikipiki nzima. Mitatu ndiyo iliyozoeleka.

Petroli iliyokaa

Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi vyenye tabia tofauti. Vile vyepesi ndivyo vinavyoshika moto haraka na kuamsha injini asubuhi, na ndivyo vinavyotangulia kuruka hewani. Vinavyobaki ni vizito, na hivyo vikikutana na oksijeni hubadilika polepole kuwa gundi. Joto huharakisha kazi hiyo. Ndani ya tangi lililofungwa petroli inaweza kuvumilia miezi mitatu na kuendelea. Ndani ya kabureta haifiki huko, kwa sababu bakuli lake ni dogo, halishiki hata kikombe cha kahawa, na lina kitundu cha kupumulia. Kiasi kile kidogo kinakauka wiki baada ya wiki, na gundi yote inajikusanya mahali ambapo kuna tundu lenye upana usiofika nusu milimita. Ndiyo maana pikipiki iliyolala huwa inakataa kunguruma taratibu hata ikibahatika kuwaka: jeti ndogo imeziba, kubwa inapitisha.

Kinga yake haina gharama. Funga koki ya mafuta, weka chupa chini ya kabureta, legeza skrubu iliyo chini kabisa ya bakuli, petroli itoke yote, kisha ikaze. Wengine hufunga koki na kuiacha injini iunguze mpaka izime yenyewe. Ni afadhali kuliko kutofanya kitu, ila injini huzima kabla bakuli halijakauka, na tone linalobaki chini ndilo litakalogeuka gundi. Mimi hufanya vyote viwili, kwanza kuunguza, kisha skrubu.

Koki yenyewe watu huidharau. Ikibaki wazi, kinachozuia petroli ya tangi isishuke ni sindano moja ndani ya kabureta, inayoinuliwa na boya. Takataka ndogo ikikaa chini ya sindano ile, petroli hupita tone kwa tone, usiku na mchana, ikateremkia kwenye silinda na kuingia kwenye oili. Utarudi ukute oili imepanda juu ya alama na inanuka petroli, nyepesi kama maji. Ukiiwasha hivyo unasagisha vyuma bila ulainisho. Kabla ya kupiga kiki ya kwanza baada ya miezi, chomoa kijiti cha oili ukinuse.

Tangi lijazwe au likaushwe?

Hapa maelekezo ya ughaibuni husema: jaza tangi mpaka shingoni. Sababu yake ni ya kweli. Mwanza mchana joto hufika nyuzi 28 hivi, na alfajiri linaweza kushuka hadi 18 au chini yake. Hewa iliyo ndani ya tangi hutanuka mchana ikatoka kupitia kitundu cha kifuniko, na usiku hujikunja ikavuta hewa mpya ya nje, yenye unyevu wa ziwa lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Bati la tangi likipoa, unyevu ule hugeuka umande kwenye kuta za ndani. Kesho tena, keshokutwa tena. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanashuka hadi chini kabisa na kukaa hapo, karibu na koki. Tangi la nusu lina nafasi kubwa ya hewa, na tangi langu lilioza juu kwa sababu hiyo hasa. Tangi lililojaa halina nafasi ya hewa hiyo.

Ila ushauri ule uliandikwa kwa mtu mwenye banda la gari lililotengana na nyumba. Wengi wetu pikipiki inalala tunapolala sisi, sebuleni au koridoni, kwa kuogopa wezi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauelei kwenda dirishani, unatambaa sakafuni kama maji, na unaweza kufika kwenye jiko la mkaa lililo chumba cha pili. Siwezi kumshauri mtu mwenye watoto ajaze lita 10 au zaidi za petroli na kuziweka ndani kwa miezi minne. Kama unayo stoo ya nje yenye kufuli, yenye hewa, mbali na jiko, jaza tangi na ufunge koki. Kama inalala ndani ya nyumba, likaushe.

Kulikausha kuna namna yake, maana tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa: petroli yenyewe hailipuki, kinacholipuka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Chomoa mpira wa koki, mimina petroli kwenye dumu ukiwa nje, na uitumie au umpe mwenye pikipiki inayotembea. Kisha acha tangi wazi kivulini, nje, siku nzima mpaka harufu iishe kabisa. Usivute sigara karibu, usijaribu kumulika kwa kibiriti. Harufu ikiisha mimina oili safi ya injini, kiasi cha robo glasi, funga kifuniko, kisha ligeuzegeuze tangi kila upande kama unayesuuza kibuyu cha maziwa, mpaka utando wa oili ushike kuta zote. Tangi la namna hiyo halishiki kutu. Ukirudi unalisuuza kwa petroli kidogo, basi. Pikipiki zenye injeksheni, yaani zinazopuliza petroli kwa pampu badala ya kabureta, ambazo kwetu bado ni chache, zina pampu ndani ya tangi isiyopenda kukaa kavu. Hizo ni bora uzitafutie mahali pa nje ukazijaza.

Zile dakika tano za Jumapili

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ni desturi njema inayoenezwa na watu wema. "Iwe inawashwa mara moja moja isije ikalala." Kila aliyeachiwa gari au pikipiki ya ndugu anaambiwa hivyo.

Petroli imeundwa kwa haidrojeni na kaboni. Ikiungua, haidrojeni yake hushikana na oksijeni ya hewani na kuwa maji. Kiasi chake si kidogo: lita moja ya petroli ikiungua yote hutoa karibu lita moja ya maji. Huyaoni kwa sababu injini ya moto huyatoa kama mvuke. Lakini injini ambayo haijapata joto, mvuke ule hupoa njiani. Tazama pikipiki ikiwashwa asubuhi ya baridi, utaona matone yakidondoka mdomoni mwa ekzosi. Yanayodondoka ni machache. Mengine yanabaki ndani ya bomba, na mengine hupita pembeni ya ringi za pistoni yakaangukia kwenye oili.

Ukiendesha kutoka Igoma hadi Kirumba, chuma kinachemka, oili inachemka, maji yanaruka yote. Ukiwasha dakika tano na kuzima, injini imepata joto la kutengeneza maji tu, haijapata la kuyatoa. Jumapili sita za shemeji zilikuwa mara sita za kumwagia maji ndani ya ekzosi na ndani ya oili, bila kukausha. Mara sita pia stata, kama ndiyo iliyotumika, ilikula umeme wa betri ambao dakika tano za kunguruma taratibu haziwezi kuurudisha.

Kama yupo mtu mwenye leseni, anayeaminika, aiendeshe dakika 20 au zaidi kila baada ya wiki mbili, barabarani, mpaka ipate joto sawasawa. Hiyo ni dawa kamili, kuliko yote niliyoandika hapa. Kama hayupo, iachwe izime moja kwa moja. Njia ya katikati ndiyo mbaya.

Kwa sababu hiyohiyo oili hubadilishwa kabla ya kuegesha. Wengi hungoja warudi, waone haina maana kumwaga oili kisha chombo kikae. Oili iliyotumika imebeba maji, masizi, mabaki ya petroli na asidi zilizotokana na kuungua kwake. Ikikaa miezi mitatu, asidi ile inakaa imegusana na bearing na kuta za silinda usiku na mchana. Pikipiki hizi za cc 100 hadi 150 hula oili ya kama lita moja. Ipashe injini kwanza kwa safari fupi, imwage ikiwa ya moto ili takataka zitoke nayo, weka mpya, kisha iwashe dakika mbili oili mpya ifike kila mahali, halafu ndipo ukaushe kabureta.

Silinda nayo ina lake. Pistoni ikisimama mahali pamoja, oili huteremka, na ukuta wa juu hubaki mkavu. Kutu nyembamba ikishika pale, ringi zitaikwangua siku ya kwanza na kukwangua silinda pamoja nayo. Fungua plagi, mimina oili safi kijiko kimoja cha chai kupitia tundu lake, funika tundu kwa kitambaa, zima swichi, piga kiki polepole mara tano au sita, rudisha plagi. Kazi ya dakika 10.

Betri

Betri ya risasi na asidi hujimaliza hata ikiwa imekaa mezani haijaunganishwa na kitu. Kasi yake huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Hapa wenzetu wa nchi za baridi wametuzidi: betri yao iliyojaa hukaa na chaji miezi kwenye ubaridi, wanachoogopa ni iliyoisha kuganda na kupasuka. Sisi yetu haigandi, inakufa kwa joto na kwa kusahauliwa. Chaji ikishuka, kwenye sahani zake hutanda chembe za salfeti ya risasi. Zikiwa changa, chaji huziyeyusha. Zikikaa wiki nyingi hugeuka fuwele ngumu, na hapo hata uichaji siku tatu, inashika moto wa kuwasha indiketa tu.

Kama pikipiki yako ina kifaa cha kuifuatilia, kama nyingi za mkopo zilivyo, au alamu ya wizi, chenyewe kinakunywa betri saa 24. Kwa hiyo itoe. Waya wa hasi utangulie kufunguliwa, ndipo wa chanya. Siku ya kurudisha, chanya kwanza. Mpangilio huo una maana. Fremu yote ya pikipiki imeunganishwa na hasi, na spana ikigusa chanya na fremu kwa wakati mmoja hupiga cheche. Ukiwa umeshatoa hasi, haiwezi.

Ichaji ijae kabla ya kuiweka, na kila baada ya mwezi na nusu au miwili uichaji tena. Ipime kwa mita baada ya kupumzika saa chache: volti 12.6 na zaidi imejaa, ikifika 12.4 ichaji, ikishuka chini ya 12 imeanza kuumia. Kuwa makini na kwa mchaji wa betri za magari. Betri ndogo ya pikipiki huchajiwa kwa ampia zisizozidi sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, yaani ya ampia-saa 5 ipate nusu ampia tu, saa nyingi. Ukiiweka kwenye mstari mmoja na betri ya fuso, itachemka mpaka maji yaishe. Mwenye sola nyumbani ana bahati: paneli ndogo ya wati 10 hutoa kama nusu ampia jua likiwa kali, na ikipitia kwenye chaji kontrola, kifaa kinachozuia chaji isizidi, inaitunza betri ile bila wewe kuwepo. Betri ya maji iongezewe maji safi ya betri pekee, si asidi, na si ya bomba.

Kuhusu lile la kutoweka betri kwenye sakafu ya saruji isije ikanyonywa: lilitokana na betri za zamani zenye maboksi yaliyovuja umeme. Hizi za plastiki weka popote, alimradi pakavu na mtoto hafiki.

Panya, nyigu na kuku

Stoo nyingi za kwetu ndimo kunawekwa magunia ya mpunga na mahindi. Panya atakuja kwa ajili ya nafaka na atakaa kwa ajili ya pikipiki. Boksi la chujio la hewa lina giza, lina sponji, mlango wake ni bomba tu: ni nyumba iliyokamilika. Na nyaya za umeme anazitafuna kunoa meno. Itenge pikipiki na chakula, na ukirudi fungua boksi la chujio kabla ya kuwasha, la sivyo injini itavuta nyuzi za kiota. Nyigu wa matope hupenda matundu ya kipenyo cha ekzosi na mirija midogo ya kupumulia. Funga mdomo wa ekzosi, ikishapoa kabisa, kwa mfuko wa plastiki na mpira, kisha funga kitambaa chekundu kwenye usukani ili usisahau kuutoa. Kuku wasifanye kiti kuwa kiota wala tangi kuwa kichanja, maana kinyesi chao hula rangi.

Kifuniko kiwe shuka kuukuu au kanga zilizochakaa, kitu kinachopumua. Chuma huanza kushika kutu kwa kasi hewa ikipita unyevu wa asilimia 60 hivi, na chini ya nailoni iliyofungwa kamba unyevu hauna pa kutokea. Ukiosha, osha siku mbili kabla, endesha ili joto likaushe mashimo yote, ndipo uifunike. Turubai liwe la juu, kuzuia mvua tu, huku chini hewa ikipita.

Yaliyobaki ni mafupi. Cheni isuguliwe kwa mafuta ya taa na brashi, ikauke, ipakwe oili safi; ile oili chafu iliyomwagwa, ambayo wengi huipaka, ina mchanga na asidi. Matairi yajazwe upepo wa kawaida na pikipiki isimame kwa stendi ya kati, gurudumu la mbele likiinuliwa kwa kipande cha gogo chini ya injini kama unaweza, vinginevyo mwombe mtu alizungushe kidogo kila wiki mbili lisikalie upande mmoja. Waya wa klachi na wa breki udondoshewe oili kwa juu. Breki ya diski hutumia mafuta yanayonyonya unyevu hewani, kwa hiyo kama yana zaidi ya miaka miwili badilisha. Kadi ya pikipiki usiiache na chombo.

Siku ya kuiamsha

Usikimbilie kiki. Toa mfuko kwenye ekzosi. Angalia boksi la chujio. Nusa oili. Mimina petroli mpya. Ile ya zamani utaijua kwa harufu, inanuka kama vanishi ya seremala badala ya ule ukali unaopanda puani. Usiimwage mtaroni, kwani mitaro ya katikati ya jiji inaishia Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani tunakochota maji na samaki. Mafundi wanaitumia kuoshea vyuma, wape wao. Oili chafu vivyo hivyo.

Plagi ikiwa nje na swichi imezimwa, piga kiki mara 10 ili oili ipande juu kwenye valvu. Rudisha plagi, fungua koki, subiri dakika moja bakuli lijae, tazama chini kama panavuja. Ikiwaka itatoa moshi wa ile oili ya kijiko. Usiogope, unakwisha baada ya dakika chache. Kabla ya kuingiza gia ya kwanza, zima, ingiza gia, shika klachi, uisukume mbele na nyuma: sahani za klachi zilizolala hugandana, na pikipiki huruka mbele ghafla kwa asiyejua.

Safari ya kwanza iwe ya kutosha kuchemsha kila kitu, kama Buhongwa hadi Usagara na kurudi, bila abiria na bila mzigo. Ukifika nyumbani, kabla haijapoa, sogeza kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu bila kukigusa. Kinachotoa joto kali kuliko mwenzake, breki yake imeng'ang'ania, na hiyo ifunguliwe leo.